Droo ya Kumi na Nne

Ngazi kumi na tisa kwenda chini, kisha mlango wa chuma
unaokaza majira ya baridi; usukume kwa nyonga.
Huku ndiko Idara ya Anthropolojia ilikotuweka,
chini ya wanaisimu, ambao kila Jumatatu
hutuandikia barua kuhusu harufu.

Harufu ni ya mbawakawa wetu,
vibarua elfu mbili wasiodai mshahara.
Wamo ndani ya tangi la kioo, gizani, kwenye joto,
wakimguguna pengwini aliyeokotwa ufukweni Januari.
Ukinyamaza utawasikia:
kama mtu anayekunjua peremende kwenye maziko,
polepole, akidhani hasikiki.

Milenka Oyarzún ndiye mwenye funguo.
Anajua darubini ipi ipigwe kofi ndipo iwake,
sinki lipi halimwagiwi asidi,
droo ipi haifunguki bila kubembelezwa.
"Mfupa haupigi domo," husema. "Domo ni lako."
Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ananisuta.
Alikuwa ananisuta.

Droo zenyewe: guanako, simba wa bahari, mbweha,
kondoo, kondoo, kondoo (Patagonia hii, utafanyaje),
na ya kumi na nne, mbwa.
Mbele ya lebo ni namba. Nyuma, kwa penseli:
*Kanela. Haipendi mvua.*
Alikuwa wa profesa mmoja aliyestaafu.
Alitia sahihi fomu mwenyewe, akatoka nje,
na upepo wa Punta Arenas
ukampa kisingizio cha macho mekundu.

Sisi humtumia Kanela kila wiki.
Likifukuliwa jiko la miaka elfu tatu, taya likatoka majivuni,
tunaliweka kando ya lake, tunapima, tunaandika,
kisha naisukuma droo kwa goti, mikono imejaa.

Oktoba, theluji ikiyeyuka, akaja mtu
kutoka ng'ambo ya San Gregorio, Eleuterio Mansilla,
ana mfuko wa unga begani.
Alifuta buti mara tatu kwenye mkeka usiokuwepo.
"Nimeambiwa hapa mnajua mifupa."
Mbwa wake alipotea kwenye dhoruba ya Juni.
Hii ameikuta kwenye ua wa waya.
Anataka kujua tu: ni yeye, au ni mbweha?

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia kuhusu fomu.
Milenka akatandika kitambaa cheusi, kile cha mitihani.

Kimoja kimoja. Uti wa mgongo, paja, vidole kama kokoto.
Akafungua ya kumi na nne. Taya kwa taya.
Meno ya mbweha hukaa mbalimbali, kama majirani walionuniana;
haya yalikuwa yamebanana.
Hakusema kitu. Akauliza: "Aliwahi kuumia?"

Yule mzee hakujibu kwa mdomo.
Akagusa ubavu wake mwenyewe, wa kushoto, chini kidogo.
"Teke la farasi. Alikuwa mtoto bado."

Milenka akageuza ubavu mmoja kwenye taa:
kinundu, laini, kama fundo kwenye kamba,
mahali mfupa ulipovunjika ukajiunga wenyewe
zizini, bila daktari, labda kwa maziwa.

Tulisikia mbawakawa kwa muda mrefu.

"Na huyu mwingine?" akauliza, akimtazama Kanela.
Milenka akapindua lebo, akamsomea nyuma.
"Basi wangegombana," akasema. "Wangu alikuwa chizi wa mvua."

Kitabu cha wageni kina safu nne.
Jina aliandika. Taasisi, aliandika *kondoo*.
Lengo la utafiti aliliacha wazi,
akaomba kamba ya kufungia mfuko, akapanda ngazi
akishika ukuta.

Jumatatu barua ya wanaisimu ilikuja kama kawaida.
Pengwini alikuwa amekwisha, mweupe pe.
Droo ya kumi na nne, siku hizi, kama nina mikono imejaa,
naweka vitu chini kwanza.